Kornelio Aliyewavisha Membe Pete

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, majirani wa Mtoni, mashemeji zetu mliosafiri kutoka Tukuyu, na ndugu zetu Waislamu mliofika tangu asubuhi, mimi ni Eufrazia Anselmo Nangale, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na kamati ya mazishi imenipa karatasi iliyochapwa niwasomee, karatasi yenyewe ina mistari kumi na miwili na inasema marehemu alikuwa mcheshi na mpenda mazingira. Nimeikunja, nimeikalia. Kaka yangu hakuwa mcheshi hata siku moja, na hilo neno mazingira mlilokuja nalo leo hamkuwa nalo alipokuwa hai, mlikuwa mnamwita Bwana Harusi wa Ndege, tena mbele ya wanawe. Basi nitasoma ya kwangu, niliyoiandika kwa mkono, na anayeona jua linamchoma asogee kivulini, kwa sababu sifupishi.

Marehemu Kornelio Anselmo Nangale alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika kijiji cha Mwena, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Anselmo, mchonga vinyago, na mwaka 1975 baba akahamia na familia hapa Mtoni kutafuta soko la vinyago vyake. Alianza darasa la kwanza mwaka 1976, akamaliza la saba mwaka 1982, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1986, hesabu alifaulu vizuri sana, mengine alipita kwa neema ya Mungu.

Mwaka 1988 aliajiriwa kuwa karani katika mnada wa samaki, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mitatu, na huko ndiko alikojifunza jambo ambalo kila mvuvi aliyekaa hapa analijua hata akijifanya halijui, kwamba membe, wale ndege wa baharini, wakikusanyika juu ya maji na kuanza kujitupa, chini yao kuna dagaa wanaofukuzwa na jodari, na hapo ndipo nyavu hushushwa. Mwaka 2001 watafiti wa ndege kutoka chuo kikuu walitafuta mtu wa kuwapeleka Fungu Jeupe, kile kisiwa cha mchanga kisicho na mti, saa mbili kwa boti, ambako membe walikuwa wakitaga, naye akawapeleka, wakamfundisha kumshika ndege bila kumvunja bawa, kumvika pete nyepesi ya bati mguuni na kuandika namba yake daftarini, ili akionekana tena hata baada ya miaka kumi ajulikane ni yupi. Mnadani hakurudi tena. Mwaka ule wa kwanza walihesabu membe elfu mbili na mia nne.

Tarehe 8 Oktoba 1994 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Tusajigwe, huyu hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Sebastian mwaka 1996 na Lulu mwaka 2000. Sitawadanganya kwamba alikuwa mume wa kupigiwa mfano, maana kila Jumamosi ya Mungu alikuwa Fungu Jeupe, mvua inyeshe jua liwake, na mama yetu alipofariki Januari 2019, siku ya kuanua tanga iliangukia Jumamosi, ndugu wote tumekaa chini, mtoto wa kwanza hayupo, yuko baharini anahesabu ndege. Nilimchukia siku ile. Nalisema wazi kwa sababu linahusika na yatakayofuata.

Mwezi mmoja baadaye, mdomo mmoja hapa Mtoni ulisema kwamba Kornelio hafuati ndege, anafuata pete, kwamba zile si bati bali ni madini, na Wazungu ndio wanaojua bei yake. Nyie mnajijua mnavyopenda habari za madini. Neno lile halikulala, lilivuka likafika mpaka baa za Sinza, lilirudi limenenepa, na tarehe 20 Julai 2019, membe wakiwa juu ya mayai, Kornelio alifika Fungu Jeupe akakuta mizoga imetapakaa, kila mmoja umekatwa mguu, na mayai yamekanyagwa. Kwenye mchanga kulikuwa na kandambili moja na kichupa cha pombe kali. Mzee Marselino, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, wewe uliyeniandikia mistari kumi na miwili, boti ya mashine iliyokwenda kule siku ile ilikuwa ya kwako, na usiniangalie hivyo, msiba huu ni wa kwetu.

Waliopona, bahari ikawamalizia. Maji ya bamvua, ambayo zamani yaliishia chini ya viota, sasa yanapanda mpaka juu na kuzoa mayai, na maji yakipata joto dagaa wanashuka chini kabisa ambako membe hafiki, vifaranga wanakufa na njaa huku mama zao wanazunguka juu. Kaka yangu na Sebastian walijaza mchanga kwenye viroba, mmoja baada ya mwingine, wakainua kisiwa kama mtu anayezuia maji yasiingie sebuleni, na nyie mkakaa ufukweni mnacheka. Halafu mwaka jana mkaja nyumbani kwake, mafuta ya boti yameisha kwa kutafuta samaki bila ndege wa kuwaonyesha, mkauliza, kaka, samaki wamekwenda wapi? Loh! Oktoba alihesabu membe mia moja na tisini.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Machi 2024, miguu ikawa inavimba, akakatazwa kubeba vitu vizito na akabeba, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Siku mbili kabla alituomba jambo moja, na hili ndilo linalonisimamisha hapa. Pete mia tatu na kumi na moja hazijarudi. Ndege ambaye pete yake haijarudi, daftarini bado anahesabika yuko hai, kwa hiyo daftari la Kornelio linasema uongo, linawahesabia uhai ndege ambao miguu yao imo kwenye makabati yenu, na Jumatatu Sebastian analikabidhi kwa watafiti, ambao kwa hesabu hiyo ama wataomba kisiwa kifungwe msimu wa kutaga, au wataona ndege bado wapo wa kutosha na kukaa kimya. Aliomba uongo ule utoke kabla ya yeye kuzikwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hao nawashukuru kwa moyo mweupe kabisa. Inawashukuru watafiti, wenzake wa kazi, waliokuja wakachimba kaburi kwa mikono yao. Majirani, nawashukuru kwa maturubai, sufuria na viti, kwa mengine siwashukuru. Pale kwenye meza ya rambirambi nimeweka sahani ya pili, ya bluu, na tutakapopita kumuaga kila mwenye pete aiweke mle, hakuna atakayeulizwa jina, wala hakuna mnunuzi, hajawahi kuwepo, ni bati, jamani, ni bati tupu.

Na kwa kuwa siwezi kuwatuma njia nisiyoipita, wa kwanza ni mimi. Mdomo ule ulikuwa wa kwangu. Nilikuwa namsuka mteja saluni kwangu, nina hasira ya tanga la mama, akaniuliza kaka yako anafuata nini kule, nikamjibu hivyo ili tucheke, na tulicheka. Mwezi Agosti kijana mmoja akaniletea pete moja nimtafutie mnunuzi, nikaitupa kwenye kopo la vibanio, na kwa miaka sita kaka yangu alikuja kunywa chai saluni, akakaa karibu na kopo lile, mie nikamwongezea sukari. Hospitalini alinishika mkono akasema, Zia, ukiipata hata moja, umsomee Sebastian namba taratibu, asikosee. Hakuniuliza nitaipata wapi.

Hii hapa. Sebastian mwanangu, fungua daftari. Sifuri, nne, moja, saba. Andika amekufa. Kornelio, leo ni Jumamosi na hatukukuzuia, nenda, pumzika kwa amani ambayo mimi dada yako nilikunyima.