Mstari Ulioandikwa USIGUSE

Benchi letu ni mlango. Uling'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa, ukalazwa juu ya matofali mbele ya duka la kinyozi, na kitasa chake hakikutolewa. Anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Chumba changu cha kazi kinapakana na cha kinyozi: meza moja, feni moja, kompyuta moja yenye pengo mahali pa herufi Q. Natengeneza programu za simu. Sikufundishwa na mtu, na sijui kuzungusha maneno: kinachofanya kazi nasema kinafanya, kilichokufa nasema kimekufa. Asubuhi ile nilitoka nje saa nne, simu ya watu mkononi, na uso nadhani ulishasema yote.

KINYOZI: Injinia, nani kafa?

Injinia wananiita kwa kejeli, maana cheti sina. Kinyozi ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo anaruhusiwa.

MIMI: Programu ya Mama Mkunga. Kwenye simu za zamani inaishi. Kwenye hii imekataa kuingia.

FUNDI BOMBA: Si uliniambia ni suala la dakika tano? Wewe ndiye uliyesema dakika tano.

Fundi Bomba ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na simu ni ya binti yake. Binti ana mimba ya miezi tisa. Simu yake ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya maji jana, akanunuliwa hii. Mjamzito akibonyeza kitufe chekundu cha programu yangu, simu ya Mama Mkunga inalia hata kama imenyamazishwa, na ramani inamwonyesha nyumba ilipo.

KINYOZI: Kwani hawezi kumpigia tu?

FUNDI BOMBA: Mama Mkunga akimzalisha mwingine atapokea kwa mkono gani? Na hata akipokea, utamwelekezaje? Mara ya mwisho aliambiwa "nyumba ya geti la bluu". Mtaa mzima una mageti ya bluu. Rangi ilikuwa ya ofa.

KATIBU: Tatizo liwekwe mezani kwa utaratibu.

Huyo ni mzee wetu, mstaafu wa ofisini. Miaka thelathini aliandika kumbukumbu za vikao, na hadi leo mkiongea wawili kwa pamoja anaumwa.

MIMI: Mzee, programu haiandikwi yote na mtu mmoja. Kuna vipande walikwishaandika wengine, unavichukua unavipachika. Tunaviita maktaba. Yangu ina kumi na mbili. Simu mpya zinakataa maktaba ya ramani iliyozeeka, kwa hiyo lazima niweke toleo jipya. Nikiweka, maktaba ya kumi na mbili inagoma, na ikigoma hiyo, programu nzima haijengeki.

KINYOZI: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Toa zako, weka za wageni.

MIMI: Zote ni za wageni.

KINYOZI: Basi mwenyeji hakuna. Ndiyo maana haponi.

FUNDI BOMBA: Uzi huo. Bomba la zamani uzi wake mpana, jipya uzi wake mwembamba. Zungushia utepe.

MIMI: Shemeji, hakuna utepe.

FUNDI BOMBA: Utepe upo siku zote. Na hiyo ya kumi na mbili nayo si uiweke mpya?

MIMI: Haina mpya. Mwenyewe aliitelekeza. Halafu pembeni ya mstari wake kwenye programu yangu pameandikwa, kwa herufi kubwa, USIGUSE.

Vikombe vitatu vikasimama hewani.

KATIBU: Nani aliandika?

MIMI: Mimi. Miaka miwili iliyopita.

KATIBU: Kwa sababu gani?

MIMI: Sikumbuki.

KATIBU: Basi usiguse. Ofisini kwetu kulikuwa na kabati limeandikwa USIFUNGUE. Wakuu sita walikuja wakaondoka. Tulipopaka rangi ukuta, tulipaka kulizunguka. Tulipohama jengo, tulihama nalo, watu wanane. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

KINYOZI: Ndani kulikuwa na nini?

KATIBU: Swali hilo halikuwahi kuwa kwenye ajenda.

FUNDI BOMBA: Mzee anasema kweli. Mimi niliwahi kutoa valvu ndogo, kama kidole hiki, haikuunganishwa na kitu. Maji yakatoka kwa jirani, ghorofa ya tatu, kwenye soketi ya umeme. Huenda hiyo maktaba imeshikilia programu ya mtu mwingine. Ukiitoa hapa, mtu ng'ambo huko anafurika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa ukuta umeshajengwa, uache.

MIMI: Shemeji, binti yako ndiye anayesubiri!

FUNDI BOMBA: Najua. Nakushauri kitaalamu, halafu nitakulaumu kama mzazi.

KINYOZI: Ninyi hamjui. Nilimnyoa mtu anayeyafahamu mambo haya. Maktaba inaandikwa na mtu mmoja tu, mpweke, yuko mahali pa baridi. Amekaa anahesabu wanaoitumia. Ukiitoa, anajua. Siku hiyo hali chakula.

MIMI: Alishaitelekeza!

KINYOZI: Kwa sababu walitoa wengi.

KATIBU: Aandikiwe barua ya kuomba ridhaa. Nakala kwa maktaba kumi na moja.

KINYOZI: Mwana akililia wembe, mpe. Hiyo inalilia kubaki. Ibakishe.

FUNDI BOMBA: Halafu Injinia, wewe huwa unaandika kwa herufi kubwa?

MIMI: Hapana.

FUNDI BOMBA: Basi huenda hukuandika wewe. Imejiandikia.

Ningemtukana, ila shemeji hatukanwi. Herufi kubwa kweli huwa siandiki. Nikakitua kikombe kwa nguvu, kahawa ikamrukia Katibu. Akafuta suruali bila kupoteza heshima, na Mama Mkunga akawa amefika, begi lake begani.

MAMA MKUNGA: Baba Pacha, habari za asubuhi. Nimetoka kumpima binti wa shemeji yako. Mtoto ameshashuka. Usiku wa leo, au kesho. Simu yake iko tayari?

Baba Pacha ananiita yeye tu, maana watoto wangu pacha aliwapokea mwenyewe. Fundi Bomba alijisogeza juu ya kitasa alichokikalia. Wengine wakamweleza wote kwa pamoja: uzi, kabati, mpweke wa kwenye baridi. Alisikiliza amesimama, kama anavyosikiliza wanaume wanaomweleza uchungu unavyouma.

MAMA MKUNGA: Hiyo ya kumi na mbili, kazi yake ni nini?

Kinyozi alinitazama. Katibu alinitazama. Fundi Bomba akasema, "Ndiyo, kwani kazi yake ni nini?" kana kwamba swali ni lake.

Mwanamke huyu nilimwambia, siku ya kwanza kabisa, kwamba programu yake naijua kama mfuko wa suruali yangu. Nilikuwa na maneno matano ya kitaalamu ya kumfunika nayo. Yalifika hadi kwenye meno.

MIMI: Sijui.

MAMA MKUNGA: Basi itoe, tuone nani atalia.

Niliingia ndani. Nikaufuta mstari na USIGUSE yake, nikapandisha ramani toleo jipya, nikaiamuru kompyuta ijenge. Feni ilizunguka. Wale watatu walijazana mlangoni wakinizibia mwanga. Dakika nane, na haikugoma popote. Nikaiingiza kwenye simu ya binti kwa waya, nikatoka nayo nje, nikabonyeza kitufe chekundu.

Begi la Mama Mkunga lililia. Akatoa simu, akatazama ramani, kisha akatutazama sisi juu ya mlango wetu.

MAMA MKUNGA: Inasema kuna mtu anajifungua hapa kwa kinyozi.

FUNDI BOMBA: Alhamdulillahi.

KINYOZI: Mimi nilisema tangu mwanzo itolewe.

KATIBU: Iingie kwenye kumbukumbu.

Fundi Bomba aliichukua simu ya binti yake kwa mikono miwili, akaifuta skrini kwa shati, akaifuta tena. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile kahawa ilikuwa na ladha. Mama Mkunga alitundika begi begani, akapiga hatua mbili, akageuka.

MAMA MKUNGA: Na zile kumi na moja zilizobaki, Baba Pacha. Hizo unazijua kazi zake?

Kinyozi aliinamisha chupa juu ya kikombe changu. Likatoka tone moja. Akaitikisa, akaifunga.

Nikanyanyuka kurudi kwenye kompyuta. Shemeji yangu alisogea taratibu, akakaa nilipokuwa nimekaa, akaniachia kitasa.