Dakika Arobaini za Gavana Ruksa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka kanali aliyekuwa gavana wa jimbo hili kwa miaka tisa. Alifariki Jumanne, akiwa kazini. Watu walimwita Ruksa.

Jina lilitoka jeshini. Kambini kwake, mdogo hakusema mbele ya mkubwa mpaka aambiwe "ruksa". Kanali alivua magwanda, sheria hiyo hakuivua. Aliihamishia kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Wakuu wa idara walitaniana ngazini kwamba hata nzi wa ofisi ile huomba ruksa kabla ya kutua. Wakifika mlangoni, kimya.

Mema yake hatuyakatai. Zahanati zilipata dawa, na faili halikulala mezani kwake.

Katibu wake muhtasi, mama wa makamo, alimjua kuliko wengi. Mwaka jana gavana alipaliwa mkutanoni. Mama huyu akainuka na glasi ya maji.

"Nani amekupa ruksa?"

"Mzee, nimeona unapaliwa."

"Basi kasimame ukutani, uone vizuri."

Alisimama saa tatu nzima, miguu ikavimba. Wakuu wa idara walitazama makaratasi yao.

Jumanne asubuhi, mkutanoni, gavana alifungua faili. Kalamu ikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Katibu aliona. Alishika kiti ili ainuke, akautazama ule ukuta, akakaa. Mkuu wa idara ya afya, ambaye ni daktari, naye aliona. Wote waliona, na wote walingoja neno moja. Dakika arobaini. Tunarudia, wasikilizaji: dakika arobaini. Hospitali iko ng'ambo ya barabara.

Aliyeingia bila kubisha alikuwa binti yake, amemletea miwani aliyoisahau nyumbani.

"Baba alikuwa bado ananitazama," ametuambia. "Nikawauliza, jamani wajomba, mnangoja nini?"

Gavana alikata roho kwenye ngazi, akiwa amebebwa na wakuu wa idara wanne.

Katibu muhtasi hajarudi kazini. "Midomo yake ilikuwa inacheza," alisema. "Nikawa nangoja amalize neno."

Tunampa pole mjane, binti na ukoo mzima. Nawe msikilizaji, kama ndiye mkubwa mezani kwako, leo wakati wa kula jifanye umepaliwa. Kisha hesabu polepole, uone nani atainuka na maji.