Funguo Tatu za Sanduku la Kuzikana

Asubuhi ya Juni mwaka hamsini na saba, baridi ya Mbeya inakuingia mpaka kwenye meno. Benchi letu liko kando ya soko, karibu na birika la Eliezeri muuza kahawa. Hapo hukaa Gavana, aliyefagia ofisi za boma miaka sita na bado anaongea kama boma ni lake, hukaa Injini, utingo wa lori la Iringa, nami. Sisi watatu ndio washika funguo wa chama cha kuzikana. Sanduku la michango lina kufuli tatu, na hufunguliwa penye msiba tu. Siku hiyo Yotamu alisimama mbele yetu, hataki kuketi. Mkewe, Tusekile, alikuwa hospitali ya misheni, tumbo limevimba, na daktari alitaka shilingi thelathini kabla ya kumpasua.

GAVANA: Keti, Yotamu. Sheria ni sheria. Hiki chama cha kuzikana, siyo cha kuumwa.

YOTAMU: Siketi, mzee. Miaka minne nachanga, sijaruka hata mwezi.

INJINI: Mimi nasema tuweke bima. Lori la bosi wangu lina bima. Likianguka mteremko wa Kitonga, analetewa jipya.

GAVANA: Haya, na mke akianguka?

INJINI: Analetewa… aa, ngoja kwanza, hapo sijapapanga vizuri.

Eliezeri alicheka. Yotamu hakucheka.

GAVANA: Ukimlipia mgonjwa mmoja, kesho mji mzima unakohoa! Msimu wa kulima ndiyo usiseme. Mtu akiona jembe tu, mgongo!

INJINI: Na madaktari nao wataongeza magonjwa. Kule Iringa nasikia homa wanaifungia kwenye chupa. Wagonjwa wakipungua, wanachomoa kizibo.

GAVANA: Wanachomolea Uyole, kwenye upepo. Wewe unafikiri kwa nini watu wa Iyunga, ambako upepo huo haufiki, hawaumwi?

YOTAMU: Wazee wangu, saa nne daktari anaondoka. Harudi mpaka Ijumaa.

MIMI: Basi tuitishe mkutano Jumapili, baada ya ibada.

Ndiyo, mimi nilisema hivyo. Mpaka leo naona aibu.

Yotamu alikuwa akienda hatua tatu na kurudi, macho yako barabarani. Ndipo akatokea Marta, dada yake Tusekile, anatoka hospitali kwa miguu, khanga imelowa umande mpaka magotini. Eliezeri akamnyooshea kikombe, akakataa.

MARTA: Mugonile, baba zangu. Shemeji, nenda, anakuulizia.

Yotamu akatutazama mmoja mmoja, kisha akaondoka mbio.

MARTA: Nauliza tu, baba zangu. Dada yangu akifa leo, sanduku mnafungua lini?

GAVANA: Hilo lisikutie shaka, mwanangu. Papo hapo! Shilingi themanini, mbao za jeneza, na mablanketi mawili.

MARTA: Na akiwa hai?

Injini akasimama, akatazama upande wa Iringa kama anayesubiri lori, akaketi tena. Nikatoa ufunguo wangu, nikauweka juu ya benchi. Injini akaweka wake. Gavana akamnyooshea Eliezeri kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umeshika ufunguo wa tatu, hautoki.

— Kahawa imekwisha, mzee, Eliezeri akasema.

Marta hakuondoka. Sote tulikuwa tunautazama ule mfuko.