Bi Pua na Sabuni Isiyoingia Sokoni

Baada ya miaka thelathini na miwili kiwandani, mkuu wa chumba cha kunusia harufu za sabuni anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Sisi tunamwita Bi Pua, jina ambalo hakulichagua wala hakulikasirikia.

Alianza kwa kupakia sabuni kwenye maboksi. Enzi hizo harufu mpya ziliamuliwa na wakemia watatu waliosoma pamoja na kula meza moja. Walikubaliana kabla kifuniko cha kichupa cha harufu hakijafunguliwa. Alipokabidhiwa chumba, Bi Pua aliweka utaratibu wake: jopo la wanusaji likikubaliana upesi, anafungua mlango na kumwita apitaye, awe mfagizi, mhasibu au mgeni anayetafuta choo. Wakemia walinung'unika kwamba wanapotezewa muda. Wengine tuliusifu sana utaratibu huo, hasa ulipomkosoa mwenzetu na si sisi. Tulipomwambia palipo na wengi hapaharibiki neno, alijibu kuwa huharibika vizuri tu, iwapo wengi hao wana pua moja.

Ndoto yake ilikuwa sabuni moja. Kwa miaka mingi alitafuta harufu ya nguo za mama yake, zilizoanuliwa mvua ikikaribia. Alasiri, mvuke wa mitambo ukiingia dirishani na chumba kizima kikionekana kuelea, alifumba macho juu ya kichupa akatuondokea kabisa kimawazo. Tulijifunza kutomwita.

Mwezi uliopita aliileta harufu hiyo mezani. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na jopo zima likaikubali papo hapo. Angeweza kushukuru, akaenda zake. Badala yake aliinuka, akafungua mlango.

Aliyekuwa akipita ni dereva wa lori. Alinusa, kisha akasema taratibu, "Mama, unisamehe. Hii inanirudisha wodini, nilikomuuguza baba."

Wakemia wawili wakainamisha vichwa. Nao walikuwa wameisikia harufu ya dawa, ila walimwonea haya mwenzao anayeaga.

Ilimuuma Bi Pua, na hakuficha. Kisha akakifunga kichupa.

"Afadhali," alisema. "Mngeipitisha kwa huruma, ningeondoka nimewafundisha kunipenda tu."

Ahsante, dada yetu mkubwa. Tunakuombea afya, usingizi mtamu wa mchana na maisha mema pamoja na wajukuu. Nawe utuombee ujasiri wa kumkatalia tumpendaye.