Kipande cha Mguuni

Mkutubi alikuwa amefungua kitabu tangu basi liondoke, lakini hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako fundi cherehani aliyevaa kandambili alikuwa akimwonyesha bibi aliyeketi kando yake kidole gumba chenye kovu.

"Mkasi ulikata mshipa wa fahamu, bibi. Nikawa nikijichoma sindano, sijui mpaka nione damu kwenye nguo ya mteja. Basi daktari akatoa kipande cha mshipa mguuni, akakiunga hapa."

"Yaani kaiba mguuni kapeleka mkononi! Na mguu je, mwanangu?"

"Huu wa kushoto, ukingo wa nje umekufa ganzi. Lakini kazi yake si kukanyaga pedali tu?"

"Mimi wasingenigusa. Mwili si suruali ya kutiwa viraka."

Mkutubi alikuwa upande wa fundi, ingawa hakuna aliyemwuliza.

"Ilichukua mwaka na zaidi," fundi akaendelea. "Juzi napiga pindo, sindano ikanichoma papa hapa. Nikapiga yowe, mke wangu akaja mbio, akanikuta nacheka peke yangu."

"Basi na kichwani wakuangalie."

Basi likasimama. Bibi akainuka, akakita mwavuli wake chini apate kujiegemeza, na ncha ikatua ukingoni mwa mguu wa kushoto wa fundi. Akauegemea mwavuli kwa uzito wake wote.

"Siku njema, bibi," fundi akasema, uso umemkunjuka.

Aliyepiga yowe ni mkutubi.