Lakini ya Mshamu

Kijiwe cha stendi ya Kibiti kina desturi yake: anayeshuka basi la Dar hafiki kwake kabla hajatoa habari pale. Na habari akishaianza, wenye benchi ndio humalizia. Ijumaa alishuka Mshamu, albino, mlinda ndege kwenye mashamba ya mpunga. Madaktari walikuwa wamempaka dawa mdomoni, kwenye vidonda ambavyo bado havijawa saratani, kisha wakavimulika kwa taa mpya iliyoletwa kujaribiwa. Jumatatu akalazwa zahanati, homa juu, mdomo umevimba hata maji hayapiti. Jua limemuunguza palepale palipomulikwa. Leo kahawa ya Haidari, anayeitwa Jaji kwa kuwa neno la mwisho ni lake, imepoa mkononi.

— Taa ya mtumba ile, alisema Iddy, muuza nguo kuukuu. Tangu biashara iwe huria, kila kilichowachosha Wazungu kinateremshwa bandarini.

— Wewe kila kitu mtumba! Muhidini, aliyeitwa Bibisii kwa kung'ang'ania redio, akamdaka. Tatizo umeme. Wa kwao mwembamba, wetu mnene. Haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo inaingiaje hapa? Iddy akauliza.

— Umeme si unakwenda haraka?

Iddy alicheka, akakatisha.

— Basi taa ile ilimpiga picha ya ndani. Wameondoka nayo Ulaya, mwenzetu kabaki ganda.

— Sisi ndio tuliomwambia akae juani, Haidari alisema.

— Sisi? Jaji, si wewe uliyekata shauri? "Dawa ya moto ni moto. Taa imeanza, jua limalize, tena bure." Kesho yake kaenda shamba kichwa wazi.

— Na wewe ulipiga makofi, Iddy.

— Nilipiga. Sote tulipiga.

Akilini Haidari alimwona tena Mshamu wa Ijumaa ile, amesimama na mfuko wake, amenyanyua kidole, anataka kusema. Naye Haidari akamwambia: "Kaa chini bwana, mgonjwa hajitibu." Benchi zima likaangua kicheko. Mshamu akacheka nao, akakaa.

Zuena, mke wa Mshamu, alikuja akitokea zahanati, kanga imelowa begani.

— Shikamooni.

— Marahaba. Vipi hali yake?

— Anaweweseka tu, hasemi la kueleweka. Shemeji Haidari, tabibu anataka kujua, ndipo aanze kumtibu. Mimi kila nilipomuuliza nyumbani alinijibu, "Nimeshaeleza kijiweni, wamenipa la kufanya." Kwani madaktari wa Dar walimwambia nini?

Muhidini alimtazama Iddy. Iddy akatazama vikombe.

— Alianza kusema, Haidari akajibu.

— Alisemaje?

— Alisema "lakini".

— Lakini nini, shemeji?