Kisiwa Kisicho na Mlima

Karibu na stesheni ya Morogoro, miaka ile ya Mjerumani, reli ilipokuwa bado ngeni na mbuzi hawajajifunza kuikwepa, palikuwa na gogo la mkuyu lisilo na mwenyewe. Kila siku baada ya swala ya alasiri Mosi alitua hapo buli lake la kahawa, na wenye maneno wakafika. Alikuwapo Pazi, aliyeitwa Bwana Treni kwa sababu alifagia stesheni na kusema "treni yetu". Alikuwapo Kasiani, Mluguru wa mlimani, aliyeitwa Padri kwa sababu aliwahi kugonga kengele ya misheni mwezi mzima. Na tangu Jumatatu alikuwapo Yunusi, ambaye jina la Makombe lilikwisha mganda. Alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Mafia, alikokwenda kumbebea Mzungu mmoja masanduku ya makombe ya baharini. Alikwenda na kijana mwenzake, Kibwana. Alirudi peke yake, ameshika kofia ya Kibwana. Kofia hiyo sasa ilikuwa juu ya goti la baba yake Kibwana, mzee Stambuli, mchimba makaburi wa mji, aliyeketi mwisho wa gogo na kikombe kinampoa mkononi.

Khitma ya Kibwana ilikuwa kesho. Asubuhi ile mke wa Stambuli, Mwanaasha, alikuwa amemwambia mumewe neno moja tu: "Usirudi mpaka ujue mwanangu amelazwa ameelekea wapi." Si neno kubwa. Miaka ishirini Stambuli amewalaza wafu wa mji huu, ubavu wa kulia, uso kibla. Na kibla ya Morogoro haina mashaka: ipe milima ya Uluguru mgongo, basi, umeelekea. Hata mlevi anaiweza. Ila mwanawe alilazwa na mikono mingine, katika nchi nyingine.

— Yunusi, mwanangu, akasema Stambuli taratibu. Juzi uliniambia amezikwa vizuri. Nimeshukuru. Sasa niambie, kule Mafia mlima uko upande gani?

— Mlima? Baba, kule hakuna mlima. Kisiwa kimelala kama sinia.

— Hata kilima?

— Vichuguu vipo.

Stambuli akatua kikombe.

— Sasa wanaswali wamekipa mgongo nini?

Hakuna aliyejua. Na watu wa gogo lile walikuwa hawasemi sana jambo wanalolijua.

— Sikilizeni, akaanza Pazi. Mimi Mzaramo, bahari ni ya kwetu.

— Wewe wa Kisarawe! akadakia Kasiani. Bahari umeionea kwenye chumvi.

— Nyamaza, mla mboga. Kisiwa kinaelea. Kama kibuyu mtungini. Kingekuwa kimeshika chini, kingeitwa nchi. Mjerumani amekifunga mnyororo, kisije kikasogea mpaka Unguja Mwingereza akasema ni chake. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo? akauliza Mosi.

— Inaingia. Fikiri tu.

Mosi akafikiri, akimimina.

— Kama kinaelea, basi kinageuka, akasema. Upepo wa kusi ukivuma kinatazama huku, kaskazi ukivuma kinatazama kule. Kama mtu kitandani.

— Naam!

— Basi marehemu anaelekea kibla nusu mwaka. Nusu nyingine...

Mosi akaona uso wa Stambuli, akamalizia sentensi yake ndani ya buli. Lakini Pazi hakunyamaza. Mzaramo ni mtani wa Mluguru, na Stambuli naye alikuwa Mluguru; kwa mtani msiba ndiyo ruhusa yenyewe.

— Nusu nyingine anatutazama sisi! Mzee, unalia nini? Mwanao anakusalimu miezi sita kila mwaka. Wa kwangu yuko hapo Kihonda, hata siku moja!

Stambuli akacheka kidogo, maana utani una haki yake. Kisha akaikunjua kofia, akaikunja tena.

— Maneno ya kipagani hayo, akasema Kasiani, akijikuna ndevu. Misheni tulifundishwa habari za gharika. Maji yalifunika milima yote. Yalipokauka, mingine haikukauka. Kisiwa ni kichwa cha mlima uliozama. Mlima upo, ila uko chini ya nyayo zao.

— Kwa hiyo wanaupa mgongo vipi? akauliza Stambuli.

Kasiani hakuwa amefika huko. Akatazama juu, akatazama chini.

— Labda wanaswali kifudifudi, akasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Makombe ametembea kisiwa kizima, akasema Mosi. Atuchoree.

Yunusi alifurahi kuombwa hilo kuliko lile la kwanza. Akashika kijiti, akachora mchangani kitu chenye umbo la muhogo.

— Tulikizunguka siku kumi na saba. Hapa kijiji cha minazi, wanawake wanasuka kamba za makumbi. Hapa ghuba, mchanga wake mweupe kama unga wa muhogo. Mzungu alilala kifudifudi siku nzima akitafuta kombe dogo kama jino la mtoto. Hapa ghuba nyingine, mikoko imesimama majini kama wapagazi wanaovuka Ruvu. Huku Chole, kisiwa kidogo cha pembeni, kuna popo wakubwa kama kuku. Na bahari yenyewe asubuhi inaondoka, mnatembea pale ilipokuwa, jioni inarudi.

— Inaondoka inakwenda wapi? akauliza Kasiani.

— Kuswali, akasema Pazi. Nayo haijui kibla, ndiyo maana inarudi.

— Na makombe mliyafanyaje?

— Kila moja lilivikwa pamba, likaandikwa namba, na kijiji lilikookotwa, na siku.

— Bahari haionekani hapa, akasema Pazi, akiinamia mchoro. Mosi, tia bahari.

— Kahawa yangu?

— Elimu hii, bwana!

Mosi akakizunguka kisiwa kwa buli, polepole, mpaka mchanga ukawa mweusi pande zote. Pazi akatingisha kichwa kwa huzuni, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwa mara ya kwanza siku ile methali ikakaa mahali pake, kwa bahati mbaya. Akaweka kokwa ya tende juu ya muhogo.

— Kaburi hili hapa.

— Si hapo, akasema Yunusi.

— Basi wapi?

Yunusi akaishika ile kokwa, wala asiitue.

Wakati huo mwanamke mmoja, Pili, aliyeshuka mlimani na mkungu wa ndizi kuupeleka stesheni, aliutua apumzike. Akawaamkia wazee shikamoo, wakamwitikia. Akatazama ule muhogo mweusi kandokando, akaambiwa hiki kisiwa, hii bahari, yule mzee mwanawe amefia humo.

— Pole, baba, akasema. Nani alimfumba macho?

Gogo zima likamtazama Yunusi.

— Homa ilimshika kwenye ghuba ile ya mikoko, akasema Yunusi, na sauti yake ya safari ilikuwa imekwisha. Mzungu akasema makombe hayangoji. Wenye kijiji wakampokea, wakamtandikia ukumbini. Mimi nikabeba masanduku mawili, langu na lake. Nimerudi siku ya nne nikakuta kaburi. Mzee Stambuli, nimekwambia amezikwa vizuri, lakini sikuwapo. Ndiyo maana nilikuwa naogopa swali lako.

Stambuli alikuwa na neno la hasira, lilikuwa tayari ulimini. Akaliona, akaliacha lipite. Kijana huyu naye alikuwa mtoto wa mtu, na masanduku yalikuwa mawili.

— Ulipofika kaburini, ilikuwa saa ngapi?

— Karibu na magharibi.

— Ulisimama?

— Walinisimamisha miguuni, wakaniambia, soma fatiha.

— Jua lilikuwa wapi?

— Mgongoni. Kivuli changu kililala juu yake mpaka kichwani. Nikasogea kando, nisimkanyage.

Mzee akainuka. Akalitazama jua, ambalo sasa lilikuwa limeshuka. Kisha, mbele ya watu, akajilaza chini kando ya kisiwa cha kahawa: miguu akaielekeza lilikokuwa jua, kichwa mashariki, akageuka ubavu wa kulia kama alivyowageuza wengine miaka ishirini. Akatulia. Hakuhitaji kutazama nyuma. Aliisikia pale mgongoni, baridi ya jioni inayoshuka kila siku kutoka milima ya Uluguru.

— Alhamdulillahi, akasema, mdomo karibu na mchanga. Watu wa kule wanajua.

Akanyanyuka, akajipangusa, akaivaa ile kofia. Ilimbana.

— Kwa hiyo kinaelea au hakielei? akauliza Pazi kwa sauti ndogo. Mosi, nipe kikombe nifikiri.

Mosi akainamisha buli. Halikutoa hata tone.

— Mmeifanya bahari, akasema. Inyweni.

Pili akajitwisha mkungu wake.

— Lakini hamjaniambia, akasema. Nani alimfumba macho?

Hakuna aliyemjibu, si Bwana Treni, si Padri, wala aliyekizunguka kisiwa siku kumi na saba. Huyo alijua namba ya kila kombe.

Stambuli alishika njia ya nyumbani. Mwaka ule wa kujenga reli alikuwa amewazika watu kumi na mmoja wasiojulikana kwao. Mmoja alikuwa kijana wa pwani, aliyepatikana kando ya tuta la reli akingali hai; Stambuli alimnywesha maji kwa kiganja, na mwisho akamfumba macho kwa kidole gumba hiki hiki. Mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kuuliza.

Mwanaasha alikuwa amesimama mlangoni.

— Ameelekea wapi?

— Kibla, akasema Stambuli. Na kesho katika dua tutaje mtu mmoja zaidi, aliyemfumba macho mwanetu.

— Jina lake nani?

— Silijui, mama Kibwana. Lakini kazi yake naijua.